Kelele za watoto nyumbani ndilo darasa la kwanza

"Nyamaza!" Pengine hakuna neno ambalo mtoto wa Kenya hulisikia mara nyingi zaidi kabla ya kutimiza umri wa kwenda shule. Huku Garissa wenyeji humwambia "aamus", na kila jamii nchini ina neno lake la ukali la kumziba mtoto kinywa. Tena neno hilo hutamkwa na watu wema: baba aliyerejea kutoka kazini akiwa hoi, mama aliyeshinda juani akiuza maziwa ya ngamia, mjomba mwenye mgeni, na hata kaka mkubwa anayejiandaa kwa mtihani. Kwa kuwa linatoka vinywani mwa watu wema, hatuna mazoea ya kulitilia shaka. Leo naomba tulitilie shaka.

Msimamo wangu ni huu: kelele za furaha za watoto wadogo nyumbani si uchafuzi wa utulivu, wala si dalili ya malezi mabovu. Ndilo darasa la kwanza ambalo mwanadamu huingia, na ndilo darasa pekee lisilodai karo. Mwalimu wa chekechea anayempokea mtoto aliyenyamazishwa kwa miaka minne hupokea deni ambalo hakulikopa yeye. Nawakusudia hasa walimu wenzangu, pamoja na wanafunzi, kwa sababu sisi ndio tunaolilipa deni hilo kila mwaka shule zinapofunguliwa.

Kabla ya kuihukumu kelele, yafaa kwanza tuisikilize. Pita katika bulla yoyote ya mji wa Garissa baada ya sala ya alasiri, wakati jua lililopita nyuzi 35 mchana linapoanza kulegea. Chini ya mwarobaini utawakuta wasichana wamezunguka kishimo cha mchanga wakicheza gariir, mchezo ambao Waswahili huuita mdako. Jiwe hurushwa juu, mengine yakachotwa shimoni, na lile la kwanza likadakwa kabla halijagusa ardhi. Ukitega sikio utasikia wakihesabu, wakijumlisha na kutoa, kisha wakishtakiana: fulani ameligusa jiwe lisilo lake. Hapo huteuliwa mwamuzi, mashahidi husikilizwa na hukumu hutolewa. Yote hayo hufanyika kwa sauti ya juu.

Upande wa pili wa ua, wavulana wamefungua soko la mifugo. Soko la Garissa linajulikana Afrika Mashariki nzima kwa ng'ombe wanaopelekwa Nairobi na Mombasa, na watoto wake wamelihamishia nyumbani. Mmoja ni ng'ombe, mwingine ni mwenye mali, wa tatu ni dalali. Dalali huuficha mkono chini ya shuka akavibana vidole vya mnunuzi, kama alivyowaona wazee wakipatana bei bila kuitangaza. Ng'ombe hulalamika kwamba ameuzwa rahisi. Kando yao, mtoto wa miaka mitatu amepanga kokoto mstari mmoja. Hizo ni ngamia zake. Anaziita kwa majina, anazikemea, anazinywesha maji yasiyokuwapo, na hana hata mtu mmoja anayezungumza naye.

Mpita njia atasema huo ni upuuzi. Mwalimu aliyepita katika chuo cha ualimu hatakiwi kusema hivyo, kwa kuwa bila shaka alifunzwa habari za Lev Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi aliyefariki mwaka 1934. Msomi huyo alieleza kwamba mtoto anayejisemea mwenyewe akicheza hapotezi muda, bali anayaongoza matendo yake kwa maneno. Kadiri anavyokua, maneno hayo hupungua sauti, yakawa mnong'ono, na hatimaye yakaingia ndani na kuwa fikra. Kwa lugha nyepesi ni kwamba mtu mzima anayewaza kimya kimya leo alianza kwa kuwaza kwa kelele. Basi anayemkata mtoto wa miaka mitatu kauli akizungumza na ngamia zake za mawe anaikatiza fikra njiani, kabla haijafika inakokwenda.

Najua nitajibiwa kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Wazee wetu hawakukosea, lakini methali hiyo waliwatungia watu wazima wanaojisifu. Hawakuwatungia watoto. Mtoto si debe tupu. Ni debe linalojazwa, na debe linalojazwa maji halikosi kutoa sauti. Tena wahenga hao hao walituonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Iweje tuikumbuke methali moja na kuisahau ya pili?

Wako pia watakaosema kwamba kelele huharibu adabu. Hapa sharti tupambanue. Sitetei matusi, wala ugomvi wa kuumizana, wala mtoto anayepiga mayowe huku nyanya yake mgonjwa amelala chumba hicho hicho. Mtoto ana haki ya kufunzwa kwamba pana wakati wa sala, wakati wa mgeni, na wakati wa dada anayesoma kwa taa kwa ajili ya mtihani wa kidato cha nne. Naelewa vilevile kwamba nyumba nyingi zetu ni za chumba kimoja, na mama aliyeteka maji, akapika, akauza na kufua ana kila sababu ya kutamani nusu saa ya utulivu. Simlaumu. Hata hivyo, kumwambia mtoto "nenda ukacheze pale nje" si sawa na kumwambia "nyamaza". La kwanza humpa mahali pa kuipeleka sauti yake, na la pili humfundisha kwamba sauti yenyewe ni kosa.

Wanaodai kwamba elimu huhitaji kimya na waende wakasimame nje ya duksi yoyote alfajiri. Duksi, ndugu msomaji usiyekaa huku, ni kile ambacho watu wa pwani hukiita chuo, yaani shule ya Kurani. Hapo watoto huketi mchangani, kila mmoja na ubao wake ulioandikwa kwa wino wa makaa, na kila mmoja husoma kwa sauti mahali alipofikia yeye. Huyu yumo katika sura fupi za mwisho, yule amekwisha kufika mbali. Masikioni mwa mgeni ni ghasia tupu. Lakini maalimu aketiye katikati hutambua ghafla kwamba mtoto wa pembeni amekosea irabu moja, akamrudisha nyuma. Kwa karne nyingi utaratibu huo umewawezesha watoto kuhifadhi kitabu kizima moyoni, na watoto wale wale walio mabingwa wa duksi ndio tunaowapokea katika madarasa yetu wakiwa mabubu. Ni nini kinachowapata njiani?

Jibu la kwanza ni lugha. Mtoto aliyekuwa dalali hodari jana jioni alinadi kwa Kisomali. Mwenziwe wa ukingoni mwa Mto Tana alicheza kwa Kipokomo, Kiorma au Kimunyoyaya. Asubuhi anaingia darasani na kukuta kila kitu, kuanzia salamu hadi ruhusa ya kwenda msalani, kinadaiwa kwa lugha asiyokuwa nayo. Si kwamba sera haipo. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba madarasa matatu ya kwanza yafundishwe kwa lugha ya eneo la shule, na Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 unaikubali kanuni hiyo kwa madarasa ya chini. Tatizo ni utekelezaji. Shule nyingi bado zina kumbukumbu ya enzi za kibao cha aibu kilichovishwa shingoni mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya kwao. Kibao hicho kikiondolewa shingoni kisha kikabaki moyoni mwa mwalimu, hakuna lililobadilika.

Jibu la pili tunalifahamu sote, ila hatulisemi. Mwalimu anapotoka darasani, ni nani anayeachiwa zamu? Ni kiranja, na kazi yake ya kwanza ni kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Wanafunzi mnaonisoma mnaijua orodha hiyo, na baadhi yenu majina yenu hayakuwahi kukosekana. Haiulizi nani alikuwa akimweleza mwenzake hesabu na nani alikuwa akimtukana. Wote ni wapiga kelele. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku adhabu ya viboko, lakini orodha ya wapiga kelele imebaki, nayo ni "nyamaza" ya nyumbani iliyovaa sare ya shule.

Jibu la tatu ni zito zaidi, na ni la eneo letu hasa. Tarehe 22 Novemba 2014, watu 28 waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera, na wengi wao walikuwa walimu waliokuwa wakienda makwao likizoni. Tarehe 2 Aprili 2015, watu 148, wengi wao wanafunzi, waliuawa katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Garissa, mahali palipowahi kuwa chuo cha walimu. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti yetu hii ya Garissa, na Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna mwenye haki ya kuwalaumu walimu waliohofia maisha yao. Lakini waliobaki na madarasa yasiyo na mwalimu ni watoto. Katika vijiji vingi kelele za ua wa nyumbani, nyanya anayesimulia hadithi na dada anayehesabu kokoto ndiyo masomo pekee yaliyoendelea. Hali ilikuwa hiyo hiyo pale shule zilipofungwa nchini kote Machi 2020 kwa sababu ya korona, kwani masomo ya televisheni hayawezi kumfikia mtoto ambaye kwao hakuna umeme.

Kutokana na hayo ndipo nasema kwamba watu wa Kaskazini Mashariki wangekuwa wa mwisho kuichukia sauti ya mtoto. Sisi tunazijua aina za kimya. Pana kimya cha hofu, ambacho wazee wa Wajir walikijua baada ya mauaji ya Wagalla ya Februari 1984. Pana kimya cha wazazi walioufuata mwili wa binti yao chuoni mwaka 2015. Na pana kimya cha njaa. Katika ukame wa kuanzia mwaka 2020 hadi mapema 2023, mifugo ilipokufa kando ya barabara, familia nyingi zilishuhudia jambo ambalo wauguzi hulijua vyema: mtoto mwenye utapiamlo mkali hachezi. Hapigi kelele, na wakati mwingine hata kulia hawezi. Huketi tu, macho wazi, kama mzee aliyechoka na dunia.

Wauguzi hao hujua pia kwamba dalili mojawapo ya kupona ni tabasamu na hamu ya kucheza. Shirika la Afya Duniani, katika hatua zake kumi za kumtibu mtoto mwenye utapiamlo mkali, halikuishia kwenye maziwa na dawa. Limeweka miongoni mwa hatua hizo kumchangamsha mtoto na kumpa upendo, pamoja na michezo ya dakika 15 hadi 30 kila siku. Jambo hili na litafakariwe. Wakati sayansi inaiandika michezo kando ya dawa ili mtoto arudi duniani, sisi tulio na watoto wazima wa afya tunawaamuru wakae kama wagonjwa, kisha tunawasifu kwa wageni kwamba ni watoto watulivu! Wasomali wana msemo wa kale, "nabad iyo caano", yaani amani na maziwa. Mambo hayo mawili huenda pamoja, kama vile vita na ukame huenda pamoja. Nami naona kwamba penye amani na maziwa, kelele za watoto hazikosi. Zikikosekana, na tuulize kuna nini.

Siku hizi amezuka mnyamazishaji mpya asiyegomba wala kuchapa, naye ni simu ya mkononi. Mtoto akichachamaa huwekewa picha zinazocheza, na papo hapo nyumba hupoa. Wazazi hulisifu jambo hili kama dawa. Lakini mtoto aliyeinamia kioo hahesabu kokoto, habishanii kanuni, hauzi ng'ombe wa kujifanya, na simu haimjibu akiiuliza swali. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na yule wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku. Kiboko kilikuwa kikimnyamazisha mtoto akiwa anataka kusema. Simu humfanya asitake.

Inafaa pia tukumbuke kwamba kucheza si fadhila ya mzazi mwenye moyo mzuri. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unautaja mchezo kuwa haki katika kifungu chake cha 31. Na kwa wale wanaowafukuza watoto misikitini kwa fimbo, nawakumbusha jambo ambalo maimamu wetu hulisimulia: Mtume alikuwa akiisikia sauti ya mtoto anayelia huifupisha sala kwa kumwonea huruma mama, na mara moja aliirefusha sijida kwa sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni. Hakusema "nyamaza", wala hakusema "shuka".

Tufanye nini basi? Wazazi wasiombwe makubwa. Na watenge wakati na mahali: baada ya alasiri, pale chini ya mti, kelele ni ruksa. Mtoto akiuliza, ajibiwe hata kwa neno moja, maana anayejibiwa neno moja leo atauliza maneno kumi kesho. Serikali za kaunti, ambazo Katiba ya mwaka 2010 ilizikabidhi elimu ya chekechea, zisihesabu madarasa ya mawe peke yake. Katika jua la Garissa, uwanja usio na kivuli si uwanja. Miti kumi iliyopandwa na kumwagiliwa, mchanga safi na maji ya kunywa ni vifaa vya elimu sawa na vitabu.

Walimu wenzangu, wa kwetu na wa kutoka mbali, tuzitumie kelele za nyumbani badala ya kuzizima. Mtoto aruhusiwe kujibu kwanza kwa lugha yake, ndipo asaidiwe kuhamia katika Kiswahili. Mwalimu asiyejua Kisomali na ajifunze maneno hamsini kutoka kwa wanafunzi wake. Watamheshimu zaidi, si pungufu. Siku moja kwa juma nyanya mmoja aalikwe kusimulia habari za Dhegdheer, lile zimwi la kike lenye sikio refu, au za Igal Shidad, yule mwoga mashuhuri, kisha watoto waigize. Hesabu ianzie kwenye gariir. Na kiranja apewe kazi nyingine iliyo bora kuliko kuandika majina ya wapiga kelele. Aandike maswali yaliyoulizwa mwalimu alipokuwa hayupo.

Nanyi wanafunzi mnaorejea makwenu likizoni kutoka shule za bweni, msiwe askari wa kimya dhidi ya wadogo zenu. Najua mna vitabu vya kusoma, na mna haki ya saa zenu za utulivu. Lakini tengeni hata nusu saa mkae nao. Viandikeni vitendawili vyao, michezo yao, majina wanayoyapa mawe. Nyingi ya habari hizo hazimo katika kitabu chochote, na nyanya wanaozijua wanazidi kupungua. Mtakuwa mmefanya utafiti kabla hamjafika chuo kikuu, na mtakuwa mmemwonyesha mtoto mmoja kwamba analosema lina thamani ya kuandikwa.

Taifa huhitaji watu watakaosema mbele ya mwajiri dhalimu, mbele ya kiongozi mla rushwa, na mbele ya mtu mwenye bunduki anayewataka majirani wagawanyike kwa dini zao. Watu hao hawaumbwi siku moja wakiwa watu wazima. Wamo uani sasa hivi, wanabishana juu ya jiwe lililoguswa na lisiloguswa. Tukiwafundisha leo kwamba usalama umo katika kunyamaza, tusije kuwalaumu kesho kwa kutii. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na tuwalee wakiwa na sauti.